Linagonga Likipanda Tu

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, Mwika. Baridi ya mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na mikono yangu inanuka grisi hata baada ya kuiosha kwa sabuni mara tatu.

Naandika kwenye simu, nikiwa ndani ya gari, kwenye uwanja wa nyumbani kwetu. Mama na kaka wananisubiri mezani, mtori wa ndizi umeshapakuliwa. Watasubiri kidogo.

Gari lenyewe ni jekundu, la michezo, la viti viwili, la chini kiasi kwamba mtu mzima huingia kwa kujikunja. Umri wake unakaribia wangu, na mimi nina thelathini na nane. Baba alilinunua kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao, enzi zile alipokuwa dereva wa watalii, na ukoo mzima ukaona amerukwa na akili. Kabla hajafariki Januari alinikabidhi funguo mbele ya mama. Kihamba, yaani shamba letu la migomba na kahawa na nyumba iliyo katikati yake, kilikwenda kwa kaka yangu Eliamani, kama ilivyo desturi kwetu. Sikulalamika, maana nililijua hilo tangu nikiwa na meno ya utoto. Nilipewa gari, nikalipokea kwa mikono miwili.

Hata hilo wakataka kuninyang'anya.

Februari nililishusha kutoka hapa hadi Moshi mjini, ninakofanya kazi ya unesi kwenye zahanati. Liliteremka kimya, raha tupu. Pasaka nikalipandisha. Nilipoiacha Himo na barabara ikaanza kuinuka, injini ikaanza kugonga. Ko-ko-ko-ko, mlio mkavu, wa haraka, na nikikanyaga mafuta unazidi. Niliwasha redio ili nisiusikie. Ndiyo, mimi, ninayewagombeza wagonjwa kila siku kwa kuja wamechelewa, niliwasha redio. Nikaingia uwanjani na mlio wangu, watu ndio kwanza wametoka kanisani, wote wakageuka. Eliamani alikuwa amekuja kutoka Dar kwa sikukuu. Alisikiliza mara moja tu, akatangaza kwamba injini imekufa.

Mwezi uliopita akanipigia simu. Amempata mtu wa vyuma chakavu, na fedha yake itatosha kulijengea kaburi la baba vigae. Ningejibu nini? Nani atasimama mbele ya ukoo aseme hataki kaburi la baba yake lijengwe? Nilikuwa nimeshaanza kulegea pale alipoongeza, kwa sauti ya kunionea huruma, "Halafu Ndeshi, huna mume, huna mtoto. Gari la viti viwili, utampakia nani?"

Hapo ndipo alipoharibu. Angeishia kwenye vigae, ningelia na kukubali.

Nikamwambia Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita nitalipandisha gari hadi nyumbani. Likifika bila kugonga, ni langu na hatulizungumzi tena. Likigonga, amwite mtu wake. Alicheka, akakubali. Mama akaunganishwa kwenye simu, akawa shahidi.

Nilipokata simu sikuwa na wazo hata moja la nini cha kufanya.

Fundi Shabani ana gereji Majengo, na ni mtu ninayemheshimu. Uwanja wake umesakafiwa, umelala sawasawa. Pale gari lilinguruma vizuri bila kosa lolote. Tukaenda nalo hadi kilima cha kwanza cha barabara ya Kibosho, likaanza kugonga. Alifumba macho kusikiliza.

"Dada, hizo ni beringi za konrodi, ndani kabisa ya injini, zimelika," alisema. "Mlima unaipa injini mzigo, ndiyo maana inagonga. Ukiendelea nalo hivi, siku moja chuma kitatoboa injini, urudi kwa miguu."

Dawa aliyoiona ni kushusha injini yote, au kutafuta nyingine, ambayo Moshi haipo na pengine haipo popote. Nilimwomba kwanza amwage oili. Akaichuja kwa kitambaa cheupe. Beringi zikilika huacha vumbi la chuma kwenye oili; tulilitafuta, hatukuona hata chembe. Yeye akasema ugonjwa ndiyo kwanza unaanza. Mimi nikaenda nyumbani nikikifikiria kile kitambaa, kwa sababu mgonjwa mahututi ambaye vipimo vyake vyote ni safi simwamini.

Juzi, Alhamisi, akaja zahanati mzee mmoja anayesumbuliwa na kifua. Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote, "Kinakubana ukilala au ukikaa?" Halafu kalamu ikanisimama mkononi. Miaka kumi na tano nimewauliza watu swali hilo, na gari la baba sikuwahi kuliuliza.

Maana wote tulikuwa tumeshahukumu. Sisi watu wa huku, gari likilia kwenye mlima tunasema mlima umelielemea, basi, mjadala umefungwa. Hakuna aliyefikiria kwamba gari linapopanda kuna mambo mawili yanayotokea kwa wakati mmoja. Linabeba mzigo, na pua yake inaangalia juu.

Nilipotoka kazini nilirudi kwenye kile kilima cha Kibosho. Nikasimamisha gari pembeni, pua juu, hendibreki, mawe nyuma ya matairi, gia ikiwa huru. Hapo injini haikuwa na mzigo wowote. Nikakanyaga mafuta.

Ko-ko-ko-ko.

Nikaligeuza, pua ikaangalia mjini, mawe mbele ya matairi. Nikakanyaga vilevile. Kimya. Niligeuza tena na tena, mara tatu nzima, mpaka mama mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe akatua mzigo wake ili anitazame vizuri. Nilikuwa nacheka peke yangu barabarani na sikujali. Beringi haijui gari limeelekea wapi.

Fundi Shabani alikuja kwa bodaboda, uso ameukunja. Nilimwonyesha pua juu, nikamwonyesha pua chini. Akataka kugeuza mwenyewe, akageuza. Aliposhuka akasema, "Kuna kitu kinabiringika humo ndani."

Jana alilifungua. Mbele ya injini kuna mkanda wa mpira wenye meno, wanauita mkanda wa taiming, unaofanya sehemu ya juu ya injini na ya chini ziende pamoja. Umefunikwa kwa kava la plastiki, na kava letu limemeguka kona ya juu, chini kidogo ya matundu ya hewa ya boneti. Alipolitoa, zikammwagikia kiganjani punje za kahawa. Kavu, nyingine zikiwa bado na maganda yake, nyingine zimesagika. Pua ikiinuka zilirudi nyuma na kuupiga mkanda, na pua ikishuka zililala mbele, zikatulia.

Fundi Shabani ameshakuta panya kwenye injini, ameshakuta kiota cha ndege. Kahawa, hajawahi. Tulicheka mpaka akakaa chini. Kisha akauzungusha mkanda taratibu na kicheko kikamtoka usoni. Meno mawili yalikuwa yameng'oka.

"Ungepanda nalo hivi kesho mkanda ungeruka," alisema. "Injini ingekufa kweli, na kaka yako angekuwa amesema kweli."

Mkanda mpya ulikuja na basi la jioni kutoka Arusha. Kona ya kava akaiziba kwa kipande cha bati. Kuhusu zile beringi zake za konrodi hakusema kitu, nami sikumuuliza. Ila zile punje nilimwomba, nikazitia kwenye kichupa.

Leo nimepanda. Nilipoiacha Himo nilizima redio na kushusha vioo vyote, baridi ikanipiga masikio hadi yakauma. Nilisikia upepo, nilisikia matairi, na nilisikia injini ya baba yangu ikiimba. Marangu nilipita na machozi. Sikuyafuta, mikono yote miwili ilikuwa na kazi.

Mtu wa vyuma chakavu alishafika, na kamba yake, na pikapu yake. Kilima cha kuingilia getini kwetu ndicho kikali kuliko vyote. Nilisimama katikati yake, pua juu, nikaiacha injini ingurume mbele yao wote. Eliamani alizunguka gari lote. Aliinama, akaweka sikio kwenye boneti, akabaki hapo. Mtu wa vyuma akamaliza pombe yake ya mbege, akaikunja kamba, akaaga.

Ningetulia hapo, siku ingekuwa yangu yote. Lakini nilikuwa nimeandaa hotuba tangu jana. Nilikiweka kile kichupa juu ya boneti na kuuliza kwa sauti, majirani wakisikia, ni nani mwenye akili hiyo ya kuanika kahawa juu ya gari langu. Nilikuwa namtazama Eliamani.

Akajibu mama. "Ni baba yenu."

Akaeleza taratibu, bila kumlaumu mtu. Meza yetu ya waya ya kuanikia kahawa hubebwa na watu wawili, kuitoa asubuhi na kuiingiza mbio mvua ikija. Baba alikuwa ameshadhoofu, nyonga ya mama haimruhusu kubeba, na hapakuwa na mtu wa kushika upande wa pili. Basi akaliegesha gari juani, akatandika gunia juu ya boneti, akamwaga kahawa yake, akaketi kwenye kigoda pembeni. Boneti ilikuwa chini vya kutosha, mkono wake ukafika. Mvua ikinyesha alikunja gunia tu. Matundu yale hakuyawaza.

Hiyo ilikuwa Oktoba. Oktoba Eliamani alikuwa Dar na kazi nyingi. Mimi nilikuwa Moshi, mwendo wa saa moja na kidogo, na zamu nyingi. Nilimpigia baba kila Jumapili. Kila Jumapili aliniambia mavuno yanaendelea vizuri.

Hotuba yangu sikuitoa. Eliamani alikichukua kichupa, akakigeuza mkononi, akakirudisha palepale kilipokuwa. Macho yake yalikuwa mekundu, na yangu pia. Miezi yote hii nilitafuta mtu wa kumkasirikia, na nilimpata, ila tulikuwa wawili.

Ndiyo maana niko humu ndani naandika badala ya kula.

Sasa nisikilizwe, hata kama anayenisikiliza ni hii simu tu. Gari ni langu, na hilo limekwisha. Kaburi tutalijenga, mimi na yeye, bila kuuza kitu cha marehemu. Na kahawa itakapoanza kuiva nitapanda kila mwisho wa wiki nishike upande wangu wa meza, zamu zikatae zisikatae. Upande wa pili ni wa Eliamani. Kihamba ni chake, kwa hiyo na meza ni yake. Akinitumia ujumbe kwamba kazi zimembana, nitateremka na hili gari mpaka Dar, niegeshe mlangoni kwake, nipige honi mpaka atoke.

Aliniuliza nitampakia nani. Nitampakia yeye.