Pipa Chini ya Mplamu

Donja Šljivna, 3 Juni 1974

Mama, shikamoo.

Sisi wazima, ila goti la bibi linamsumbua. Mikono yako bado inapasuka kwa sabuni ya huko ughaibuni, Graz?

Nina siri. Nilitaka kupanda vitunguu chini ya mplamu, bibi akafoka: "Toka hapo! Kuna kitu cha thamani kuliko nyumba hii!" Hazina, mama! Mimi na Sava wa baba mdogo tutaichimba Jumapili, bibi akienda kanisani. Tukiipata, utaacha kufua mashuka ya watu, urudi.

Shida ni Sava, hana kifua. Karopoka dukani mbele ya Gavra na Mitar, wale wezi wa kuku. Sasa wanatunyemelea kila tuendako, ila Mitar hawezi kuzuia chafya.

Binti yako,
Dunja

10 Juni

Mama, shikamoo. Hujambo?

Tumeipata, na tumeibiwa! Lilikuwa pipa la mwaloni. Gavra akatokea na ufagio: "Mikono juu!" Mitar akarudi nyuma, akatumbukia shimoni. Tukamvuta sisi wenyewe, maana alikuwa analia.

Wakalipakia pipa kwenye toroli. Mteremkoni gurudumu likang'oka, pipa likapasuka. Hamna dhahabu, ni pombe ya plamu tu! Wakaikinga kwa kofia zao, wakanywa. Bibi aliporudi aliwakuta wamekumbatiana, wanaimba nyimbo za harusi.

Nilijua atawachapa. Akakaa chini barabarani, akalia kwa sauti, hata Mitar akaacha kuimba. Akaniambia, "Mama yako asijue." Lakini mimi sikufichi kitu. Analilia pombe, mama?

Binti yako,
Dunja

Graz, 2 Julai

Dunja mwanangu,

Marahaba. Mimi nipo. Msalimie bibi.

Pipa lile tulilifukia mimi na marehemu baba yako siku aliyozaliwa kaka yako Mladen, linywewe siku ya harusi yake. Ndiyo desturi yetu. Mladen alipozama mtoni, wazee walitaka linywewe mazishini. Nikakataa. Pipa likiwa chini, mwanangu bado ana harusi yake. Nilikimbilia huku kwa kuwa sikuweza kupita karibu na mplamu ule.

Sikulaumu, hukujua. Ila sasa sina cha kurudia. Usiniandikie kwanza.

Mama yako

9 Julai

Mama, shikamoo.

Nisamehe, naandika. Gavra na Mitar walikuja kuomba radhi na kulifukia shimo. Wamelifukia pamoja na kiatu cha Mitar, ikabidi walifukue tena. Bibi kacheka, kisha kaingia ndani kulia. Akasema liachwe wazi.

Nimemuuliza pipa langu liko wapi. Kasema watoto wa kike hawafukiwi pipa. Mama, umesema huna cha kurudia. Mimi je? Kila Ijumaa nasimama kituoni mpaka basi linaondoka. Nimerefuka, usije ukanipita.

Binti yako,
Dunja

20 Oktoba

Mama, shikamoo. Natumaini u mzima, maana hujajibu hata barua moja.

Tumepika pombe ya plamu. Bibi kaniambia nichague pipa. Nikauliza la nani, kasema, "Lako. Desturi itanisamehe." Tumelifukia kwenye shimo lilelile. Sava kaapa hatasema dukani.

Kituoni siendi tena, kunanyesha. Kama huwezi kurudi sasa, basi njoo siku tutakayolifukua.

Binti yako,
Dunja