Fahali wa Kumpokea Simiyu

Jikoni kwa Kogo, nyuma ya chuo,
Upande wa Endebess, Kitale.

Dada yangu Nekesa,

Pokea salamu za mdogo wako anayekuandikia akiwa amekalia debe, moshi wa kuni mbichi machoni na matope hadi magotini. Mgongo wako unaendeleaje? Na mvua ya Naitiri imewaachia hata mahali pa kuanika maharagwe? Huku ni mvua juu ya mvua. Nguo nilizofua Jumapili bado zinanuka maji. Mimi ni mzima, ukiacha mguu mmoja ambao nitakueleza habari zake, na uchovu ambao sijui nianzie wapi kuueleza. Nikilala naamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya hapo kwenu huwekwa sauti ya juu ikasikilizwa na boma zima, pamoja na jirani aliyekuja kuomba chumvi. Haya ya leo si ya boma zima, na mwanao Simiyu hasa asiyasikie. Barua nampa mama mmoja anayepeleka vitunguu soko la Naitiri. Nimemwambia akutilie mkononi wewe mwenyewe.

Ulipopiga mara ya mwisho ulisema kwa sauti ya chini, nikajua umetoka nje ukasimama nyuma ya ghala. Ukaniambia baba mkwe wako ameuliza mbele ya watu: mtoto anatahiriwa Agosti hii, sasa siku ya kwenda kwa khocha wake, yaani mjomba, kuvishwa luliki, ile nyama ya kifua cha fahali, atapelekwa kwa nani, maana kwenu Bokoli kumeisha watu? Ukasema nisijali, mimi bado ni mwanafunzi, tutamwomba Barasa wa Webuye, mtoto wa baba mdogo, amchinjie, kwa kuwa yeye ana ng'ombe.

Ulisema kwa upole, dada, lakini iliniuma. Nilikaa na simu mkononi hata baada ya wewe kukata. Baba hayupo, mama hayupo, kaka yetu mkubwa tulimzika. Mjomba wa Simiyu wa tumbo moja na wewe amebaki mmoja tu, na ni mimi. Barasa si mtu mbaya. Lakini Barasa hajawahi hata kumbeba yule mtoto. Mimi uliponichukua kwako baada ya mama kwenda, ndiye niliyembeba mgongoni ukiwa shambani, akanikojolea mpaka shati likabadilika rangi. Tumelala kitanda kimoja mimi na yeye hadi nikaja chuo.

Sikulaumu. Mkono mtupu haulambwi, na wewe hujawahi kuona kitu mkononi mwangu. Ndiyo maana leo nakueleza nilichokuwa nakuficha. Najua umekuwa ukiwaambia watu kwamba nimebaki huku likizo yote kwa sababu ya msichana. Ungemwona huyo msichana! Ana pembe.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza, ng'ombe mmoja wa chuo alizaa dume. Kwenye ng'ombe wa maziwa, ndama dume ni hasara tupu, anakunywa maziwa ya kuuzwa na yeye hatatoa hata tone. Msimamizi wa shamba akasema anayemtaka amchukue siku hiyo hiyo. Wenzangu walicheka. Mimi nilihesabu kwa vidole nikaona kwamba huyu atakuwa fahali mwaka wa Simiyu kuingia kwa wanaume. Nikamfunga kamba.

Ng'ambo ya ua wa chuo anakaa bibi mmoja Msabaoti ambaye kila mtu anamwita Kogo, yaani nyanya. Tulikubaliana kwamba yeye atanipa nafasi zizini, nami nitamkatia nyasi na kumtekea maji. Ndama nikamwita Profesa, kwa sababu alikuwa akitafuna polepole huku amenikazia macho kana kwamba nimekosa swali. Tangu wakati huo kila likizo nilikuwa nakuja kwenu siku chache tu na kurudi, nawe unanuna. Nilikuwa namrudia yeye.

Mwaka huu chuo kilipofungwa na hosteli zikatiwa kufuli, nilihamia hapa jikoni. Asubuhi nakata nyasi za napia chini mtoni, napanda nayo mlima ikiwa kichwani, maji ya umande yakinitiririkia shingoni. Mchana napalilia mahindi ya Kogo. Jioni ni maji. Chuo bila wanafunzi ni mahali pa ajabu, dada. Tumbili wamehamia jumba la kulia, wanakaa juu ya meza kwa mpangilio kuliko sisi. Mimi na Profesa tulikuwa wenye uwanja wa mpira, yeye akila nyasi za golini, mimi nimelala chali. Siku moja alikata kamba akaingia darasa kubwa, akamaliza maua ya mkuu wa chuo yaliyokuwa yamewekwa ndani yasinyeshewe. Askari wa geti, Mzee Wekesa, mtu wa kwetu wa upande wa Misikhu, alinishika shati.

"Wafula, hii ng'ombe yako imesajiliwa kozi gani? Na karo imelipa?"

"Nisamehe mzee, nitamfunga vizuri."

"Funga bana! Mimi nikifutwa kazi utanilisha na maziwa ya hii dume?"

Tukacheka. Nikamweleza huyu ni wa nini. Akanitazama upya, akasema kwamba kijana anayefuga fahali wa mpwa wake akiwa bado anakula githeri ya chuo, huyo ana watu. Toka siku hiyo akawa rafiki yangu, na urafiki wake ndio ulioniponza.

Kogo aliugua kifua, nikaenda Kitale kumtafutia dawa. Mvua ikanyesha, mto ukafunika daraja, nikalala mjini kwenye kibaraza cha kanisa nikiwa nimejikunja na gunia. Huku nyuma Profesa alikata kamba tena. Mzee Wekesa, kwa kunionea huruma, hakutaka alale kwenye baridi wala asumbue mtu. Akamwingiza zizi la chuo pamoja na madume wadogo wa shamba, akafunga, akaenda zake kulala.

Asubuhi yake kulikuja watu wa kozi fupi. Walikuwa wamekuja kujifunza kuhasi.

Nilipofika walikuwa wananawa mikono. Mwalimu wao, mtu mchangamfu sana, aliniuliza, "Yule mkubwa wa madoadoa ni wako? Tumekufanyia bure. Sasa atanenepa, na hatakuwa msumbufu."

Dada, nilisema asante. Sijui ilitoka wapi, lakini mdomo wangu ulisema asante sana mwalimu. Halafu nikaenda nyuma ya zizi nikakaa kwenye matope. Profesa alikuwa amesimama miguu imepanuka, hatafuni, ananitazama. Miaka yote ile, nyasi yote ile. Nikalia kama mtoto mdogo.

Mzee Wekesa alipopata habari alishika kichwa. Nikamuuliza, na nilimuuliza nikijua jibu, kama wazee wetu watakubali.

"Maksai?" akasema. "Unataka mtoto aende mtoni kupakwa matope ya tohara na kifua ya maksai kwa shingo? Si heri umvalishe kuku! Watu wataimba hiyo maneno mpaka azeeke."

Alitaka kucheka, akashindwa, akaniomba msamaha. Nikamwambia maji yamemwagika. Lakini wiki ile nilikuwa sili. Nilifikiria kukupigia nikuambie haya, mwite Barasa, mdogo wako wa chuo amefuga miaka yote akaishia kuharibu. Namba niliitoa, nikairudisha.

Aliyeniamsha ni Kogo. Bado alikuwa anakohoa. Alikuja na kikombe cha chai, akasimama mlangoni.

"Wewe unalia nini? Huyo sasa ndiyo mzuri."

"Mzuri kwa nani, Kogo?"

"Kwa mimi. Si ile maksai yangu moja ilikufa wakati wa kupanda? Iko moja tu imebaki, haiwezi kuvuta mkokoteni peke yake. Nipe wako, chukua ile nyekundu. Lakini ile nyekundu ni shetani."

Ndivyo ilivyokuwa. Kogo ana fahali mwekundu wa kienyeji, mdogo, nundu juu, mbavu zinaonekana, roho mbaya. Sikuwahi kumhesabu kuwa kitu. Nilikuwa na macho ya chuo, naangalia ukubwa. Kogo aliweka sharti moja tu, kwamba Profesa akipona nimzoeshe nira kabla sijaondoka, maana yeye kifua hakimruhusu kukimbizana na ng'ombe.

Kwa hiyo Julai yote hii ndiyo kazi yangu. Profesa na mwenzake shingo pamoja, nyuma yao gogo, nyuma ya gogo mimi. Tumelima uwanja wote wa mpira kwa lile gogo, sijui wachezaji watasema nini wakirudi. Akichoka analala chini, nami nalala kando yake mpaka atakapoamua. Mikono imepasuka. Kuna jioni nashindwa kushika kijiko. Lakini juzi alivuta mkokoteni wenye mitungi ya maji kutoka mtoni hadi mlangoni bila kusimama, na Kogo akapiga kigelegele kikaishia kwenye kikohozi.

Nikwambie jambo ambalo siwezi kumwambia mwanamume mwingine. Kabla ya hayo yote nilikuwa nimeanza kukosa usingizi nikifikiria kisu. Profesa ananijua kwa harufu. Ningewezaje kumshika pembe siku hiyo? Sasa ataishi, atavuta maji ya Kogo, na mimi nikija darasani nitamwona kule ng'ambo ya ua. Nimefurahi, dada. Namwonea huruma yule mwekundu pia, lakini yeye na mimi hatujawahi kudanganyana kwamba tunapendana.

Mguu sasa. Unajua desturi. Mtoto akija, khocha hampokei kwa kumkumbatia. Humzaba kofi na kumtupia maneno makali, kwamba kama ni mwoga arudi kwa mama yake, asije akaaibisha ukoo wa watu. Mimi maneno hayo sina. Simiyu akilia usiku kwa kuogopa radi, mimi ndiye niliyekuwa namfunika. Basi nikaona nijizoeze. Nikasimama mbele ya yule mwekundu, nikainua mkono, nikanguruma, "Wewe unayetetemeka, nani amekuita hapa?" Alinipiga teke la paja ambalo mpaka leo nachechemea. Mzee Wekesa anasema angalau mmoja wetu ameonyesha uanaume.

Sasa mpango ni huu. Mzee Wekesa anachukua likizo yake, na kwa kuwa anaona yaliyotokea ni deni lake, amesema atanisindikiza. Tutamswaga yule mwekundu kwa miguu, Kiminini, Kamukuywa, hadi Bokoli, tukilala kwa jamaa zake njiani. Nitafika mapema nifungue nyumba ya mama. Najua nyasi zimefika dirishani. Nitazifyeka. Nitapaka udongo ukuta wa mbele, ule uliobomoka, niwashe moto ndani ili moshi uonekane. Mtoto asije kwenye nyumba iliyokufa.

Wewe fanya moja tu. Simiyu anapoanza kuzunguka na kengele zake kuwaalika ndugu, mwambie khocha wake yuko Bokoli. Usimwambie amefuga nini, wala fahali ni mdogo, wala mjomba anachechemea. Barasa naye umwombe aje, lakini aje kama ndugu, anishikie kamba, maana kweli yule mwekundu si wa mtu mmoja.

Mkono wangu utampiga, dada. Nimeshaamua. Hutakuwepo kuona, wewe utakuwa nyumbani kwako ukingoja arudi na watu wakiimba. Akitokea kwenye kona ya mahindi na nyama shingoni, na shavu lake bado limevimba, usilie. Mimi nitakuwa nimeshalia kwa niaba yetu sote, nyuma ya nyumba ya mama, mahali ambapo hakuna mtu.

Nisalimie shemeji, mume wako, umwambie lile panga lake nimekuja nalo huku na limebaki nusu. Nisalimie mtoto wa mwisho, yule kitindamimba wenu, nimemwekea mkia wa tumbili ambao kwa kweli ni kamba ya katani. Msalimie shangazi wa Webuye akipita, yule anayetuombea sote kwa sauti. Kogo anakusalimu ingawa hakujui. Anasema aliyekulea wewe, nawe ukanilea mimi, asifiwe.

Na baba mkwe wako msalimie kwa heshima zote. Usimjibu lolote kuhusu lile swali lake. Siku hiyo mwambie tu asimame nje jioni, atazame shingo ya mjukuu wake.

Ni mimi mdogo wako, khocha wa Simiyu,
Wafula, wa Bokoli.