Historia ya Datsun Namba 27

Mlali, 3 Machi 2024

Eufrazia mwanangu,

Pokea salamu wewe na wajukuu wangu na huyo mkwe wangu mpole. Natumai mbu wa huko kwenye miwa hawajawamaliza. Mimi mzima, nakula, nalima, ila masikio yamekwisha. La kulia lilikufa zamani, na la kushoto sasa linasikia mashine ya kusaga tu. Ndiyo maana sipigi simu, nitakuwa naongea peke yangu kama mlevi. Na meseji, vile vibonyezo ni vidogo kama ulezi, vidole vya kushika spana vinabonyeza vitatu kwa mpigo. Barua hii nampa Allen wa lori la kabichi, ataikabidhi kwa kondakta wa basi la Turiani pale Msamvu.

Hatujaandikiana tangu tumzike mama yako, mwaka wa tatu huu. Tuyaache. Kuna kazi nakupa.

Amekuja hapa binti anaitwa Irene, wa chama cha magari ya zamani mjini. Ameizunguka Datsun yangu mara tatu mdomo wazi. Wanaitaka kwenye maonyesho ya Nanenane, watu waione, na historia yake isomwe kwenye kipaza sauti kisha ibandikwe ubaoni. Ukurasa mmoja, ilivyotengenezwa na ilivyoshindana. Mimi darasa la nne, tena la zamani. Wewe ni mwalimu, una mwandiko. Andika hivi.

Datsun 160J. Niliinunua mwaka 1979 ikiwa teksi iliyopinduka, hakuna fundi mwingine Morogoro nzima aliyeitaka. Nikaivua yote ikabaki bati tupu. Kila bati linapokutana na bati nikachomelea upya, maana gari la kuendea kazini halikutengenezwa kwa mawe ya Uluguru. Chini ya injini nikaweka bamba nililokata kwenye mashine ya mkonge iliyotupwa. Ndani nikasimamisha mabomba ya chuma ili ikipinduka paa lisimlalie mtu. Nyuma shokapu mbili kila gurudumu, wazo langu mwenyewe, wengine wakaja kuiga. Ekzosi nikaipandisha juu ivuke mito. Mlango wa kulia ni mpya na umenyooka, hilo usiandike.

Sasa mashindano. Mwaka 1981, namba 27, tuliondoka magari thelathini na nne tukafika kumi na moja, mimi wa tano. Mwaka 1984 kipande cha kupanda Mlali hadi Mgeta nilikuwa wa kwanza, dakika arobaini na moja, wenye magari ya fedha wakaja kunishika mkono. Mwaka 1987 springi ya nyuma ilikatika kule kwenu Turiani, nikafunga gogo kwa mpira wa tyubu nikamaliza wa nane. Baada ya hapo gari likastaafu kwa heshima. Mwisho.

Wewe panga maneno tu.

Baba yako,
Tomasi

*

Turiani, 2 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Huku tunaendelea. Brenda alikuwa na homa lakini ameshapona na amerudi shule. Pole kwa masikio.

Barua yako ilinifikia mwezi wa tatu uleule. Nilianza kuandika siku hiyohiyo, na nimeandika vizuri, shokapu zako zote zimo. Nilipofika 1987 na hilo neno "mwisho", nikaweka kalamu chini. Sijaishika tena hadi leo.

Baba, ile Datsun ilishindana tena. Oktoba 2013, mbio za magari ya zamani, kipande kilekile cha kupanda Mgeta. Dereva alikuwa kaka yangu Oscar. Msoma ramani nilikuwa mimi. Ndiyo maana mlango wa kulia ni mpya.

Historia nitakuandikia yote au sitaandika kabisa. Na huo mwaka sitautunga mimi. Niletee kwa maneno yako ulichomwambia Oscar asubuhi ile kabla hatujaondoka, nami nitakuwekea koma na nukta.

Mwanao,
Eufrazia

*

Mlali, 9 Mei 2024

Eufrazia,

Salamu. Hapa tu wazima, mahindi yamebeba.

Barua yako nimeisoma, nikaenda kupalilia, nikarudi nikaisoma tena, bado ni ileile. Haya. Mwalimu anamfundisha fundi gari lake. Mimi nimelala chini ya ile Datsun kabla wewe hujazaliwa. Najua kila bolti kwa ulimi.

Nilimwambia nini Oscar? Nilimwambia safari njema. Baba anamwambia nini mtoto anayekwenda kushindana? Daftari la njia ulikuwa nalo wewe. Dereva haoni ng'ambo ya kona, anaona kwa mdomo wa msoma ramani. Ulipotea mstari. Nilisema hivyo siku ya matanga na sijabadilisha. Binadamu hupotea mstari, na nani alikufukuza? Mjomba wako Geofrey alisimama mbele ya watu akasema mtoto ni wa ukoo wa mama, ukoo haumdai mtoto wake. Wewe mwenyewe ndiye uliyefunga virago ukahamia kwenye miwa.

Usijisumbue na uandishi. Irene ataandika, ana kompyuta. Nimekwisha kuwaalika mjomba wako na mama yako mkubwa Winfrida waje Nanenane wasikie sifa. Wewe kaa huko.

Baba yako,
Tomasi

*

Turiani, 20 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Sisi hatujambo.

Sikupanga kukuandikia tena, lakini kuna kitu hukijui, na mama hayupo tena wa kuumia.

Ile njia niliitembea kwa miguu siku mbili, kutoka Mlali hadi juu. Pale kwenye kona yenye mkaratusi watu walikuwa wamelima kabichi hadi ukingoni, na mvua ilikuwa imeula ukingo. Niliandika: kushoto kali, breki mapema, ukingo umeliwa. Nilikuonyesha jioni yake. Ukacheka, ukasema wewe mwaka 84 uliipita kwa gia ya tatu bila kugusa breki.

Asubuhi ulimwita Oscar pembeni, ukidhani sikujua mlichoongea. Aliniambia mwenyewe tukiwa njiani. Alisema, "Frazia, ukifika kwenye mkaratusi usinisumbue. Mzee kasema tatu, bila breki. Kasema wewe mwoga, utanipotezea sekunde." Nikamwambia, "Mzee hajapita huku miaka mingapi?" Akasema, "Basi soma, lakini sisikii."

Nilisoma, baba. Nilisoma mara mbili, mara ya pili kwa kupiga kelele. Alikuwa anatabasamu.

Ulipoinuka kwenye matanga ukasema nilipotea mstari, nilikuwa na mkono umefungwa shingoni na nilifungua mdomo. Nikamwona mama amekushika mkono. Alikuwa amemzika mwanawe. Nikafikiri, nikisema, mjomba atakutoa hapo Mlali kabla ya arobaini na mama atabaki hana mtu. Nikafunga mdomo. Mama mkubwa hakuitikia shikamoo yangu tangu siku hiyo. Kwenye msiba wa mama nilikaa nje, kwenye benchi la wapita njia, na hakuna aliyeniita jikoni hata kuosha sufuria. Mama alikufa akiamini mimi ndiye.

Sidai chochote. Nilitaka tu ujue kwamba ninajua.

Mwanao,
Eufrazia

*

Mlali, 18 Agosti 2024

Eufrazia mwanangu,

Nakusalimu. Sitasema mimi mzima.

Barua yako ilikaa mfukoni mwa shati wiki saba. Nilikuwa najua nilichomwambia Oscar. Nilidhani amekwenda nacho. Miaka yote hii nilikuwa nakuonea huruma, nasema masikini hajui, na kumbe ulikuwa unanitazama.

Nikueleze nilivyofikiri, siyo kujitetea. Mimi hapa Mlali nilikuja na begi moja na boksi la spana. Shamba ni la ukoo wa mama yako, nyumba imekaa kwenye shamba lao, na ninyi watoto ni wao. Mimi nilikuwa mume tu. Ningesema ni mimi niliyemtuma Oscar pale, wangenidai mtoto wao, na wangekuwa na haki. Nikasema ngoja niseme ni Eufrazia, yeye ni damu yao, watamsamehe. Nilipiga hesabu kama fundi, mzigo uende upande wenye springi imara. Sikufikiri kwamba springi inaumia. Na jambo jingine, nilishindwa kusema kwamba ile njia siijui tena. Hilo lilinishinda kuliko hata shamba.

Irene aliniandikia historia yenye herufi nzuri, ikaishia 1987. Nikaipindua nyuma nikaandika mwenyewe kwa penseli. Siku ya Nanenane nikaikamata ile karatasi nikasoma mwenyewe. Sijisikii ninavyoongea, Irene anasema nilipiga kelele hadi watu kwenye mabanda ya mbuzi wakageuka. Nilisoma hivi:

"Mwaka 2013 mwezi wa kumi Datsun namba 27 ilishindana mara ya mwisho. Dereva Oscar Tomasi. Msoma ramani Eufrazia Tomasi. Msoma ramani aliitembea njia kwa miguu, akaiandika sawasawa na akaisoma sawasawa. Mimi Tomasi sikwenda kuiona. Nilimwambia dereva asimsikilize. Dereva alifia pale, kona ya mkaratusi. Kisha nikasema msoma ramani alipotea mstari. Ni uongo. Nimeusema miaka kumi na zaidi, nikausema hata kwa mama yao akiwa kitandani mwisho, aliponiuliza."

Sikusikia kama watu walipiga kelele au walinyamaza. Niliona midomo tu. Mama yako mkubwa Winfrida alivuta khanga akafunika uso wote, akakaa hivyo kwenye kiti. Kijana mmoja alikuwa anapiga picha gari, akashusha simu.

Geofrey alikuja kesho yake mchana na wazee wawili. Hakukaa. Aliandika kwenye karatasi maana najua alichoka kupayuka. Ameandika kwamba shamba lilikuwa la dada yake na sasa ni lako wewe binti wa dada, hivyo kukaa kwangu au kuondoka neno ni lako, siyo lake. Mahindi yakishavunwa atakuja kusikia jibu.

Mimi sikuombi. Usije ukadhani nimesoma pale ili nikuombe. Datsun inawaka, vitu vyangu vyote vinaenea ndani na nafasi inabaki, nilitoa kiti cha nyuma mwaka 1980. Naweza kulala popote, mimi nimelala milimani nimekumbatia giaboksi.

Niliyeyasema ni mimi, yule wa mbele ya watu na yule wa matanga. Ulisoma vizuri, mwanangu.

Baba yako,
Tomasi

*

Turiani, 30 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Huku mvua zimeanza, watoto wamefunga shule.

Mama mkubwa alipanda basi akaja kwangu mwezi wa tisa. Alikaa siku mbili. Hakutaja kitu, alichambua mchele, akafua nguo za watoto ambazo hazikuwa chafu. Wakati wa kuondoka alinishika kichwa kwa mikono miwili, basi likapiga honi, akaendelea kunishika.

Nimemwandikia mjomba kwamba ukae. Usihamishe kitu. Nyumba ya mama isibaki tupu, na paa la jikoni litazame kabla mvua kubwa hazijashika.

Lakini mimi sitakuja, na wajukuu sitawaleta. Si adhabu, baba, usiichukue hivyo. Miaka yote nilikuwa nasubiri useme. Nilijua ukisema tu nitapata pa kurudi, nilikuwa hata najua nitavaa gauni gani. Umesema. Nimekaa hapa miezi mitatu napatafuta na sijapaona. Oscar hayupo pale, mama hayupo pale, na wewe kila nikikufikiria nakuona umesimama kwenye matanga.

Barua hii usiijibu. Siku nikiweza nitaanza kuandika mimi.

Kula vizuri.

Mwanao,
Eufrazia