Matokeo Yamegeuka Tarehe

Shangazi Benta, nakuandikia nikiwa nimejifungia ndani, maana nikitoka tu mtaa mzima unanipongeza na sistahili. Mimi ni katibu wa ligi ya mtaa hapa Ziwani, mechi zote za Desemba niliziandika kwa simu, nikazihamishia Excel pale saiba, kwenye kompyuta za kulipia, nikachapisha bila kusoma na kubandika kwenye ukuta wa kinyozi, kumbe kompyuta imegeuza matokeo kuwa tarehe. Pale Ng'ang'a na vijana wake walipomfunga Keynan 3-1, paliandikwa 3 Januari. Waliofungwa mbili bila ndio tu walioachiwa aibu yao, kwa kuwa hakuna mwezi wa sifuri. Keynan, nahodha wa waliofungwa 3-1, akasoma akatangaza, "Si nilisema ile penalti haikuwa penalti? Mechi inarudiwa." Ng'ang'a naye akaona jina lake kando ya tarehe, akaleta timu. Siku hiyo wakaja wote, na jezi, na ngoma, na kina mama wa mandazi, Keynan akashinda, akabebwa juu, nami Shangazi nikabebwa, eti katibu asiyeogopa mtu. Sasa fainali ni Jumapili, Keynan anasema nafasi ni yake, Ng'ang'a ananiuliza kwa upole ni sheria gani hiyo, na upole wake ndio unaniua. Nilijaribu kurekebisha, nikageuza tarehe iwe namba, nikapata mabao 46,025. Na kuna timu zimeona 4 Februari, zimeanza kufua jezi. Nifanyeje?

Muthoki, Ziwani

Muthoki mwanangu, nimecheka hadi chai ikapoa, kisha nikakasirika, maana ilikuwa chai nzuri.

Kompyuta haikukuonea. Ukiipa 3-1 bila kuiambia ni kitu gani, inakisia, tena kama jirani: haraka na bila haya. Hayo mabao 46,025 ni siku inazohesabu tangu mwaka 1900. Usihangaike nayo, matokeo ya kweli hayamo tena humo, yako kwenye simu yako. Hamisha upya. Usifungue faili kwa kulibofya tu. Fungua ukurasa mtupu, ingiza data kupitia menyu, na kabla haijaingia, iambie safu ya matokeo ni maandishi. Msimu ujao mabao ya kila timu yakae safu yake. Kisha soma kabla ya kuchapisha. Kusoma ni bure.

Sasa lile gumu. Leo jioni nenda kwa Ng'ang'a, kisha kwa Keynan, kwa miguu, si kwa ujumbe wa simu. Fainali ni ya Ng'ang'a. Usiseme kompyuta ilisumbua, sema, "Sikusoma." Keynan atakununia hadi Jumamosi, na ana haki, mtu aliyebebwa juu hashuki mara moja. Mwambie ushindi wake haufutwi: kila tarehe tatu Januari timu hizo mbili zikutane, na mwenye kuutetea ni yeye.

Waliofua jezi waambie hakuna mechi. Jezi safi haijamdhuru mtu.

Na mwakani nitengee kiti, upande wa mandazi.