Mtihani Hausimamishwi

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Natumai u mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Shemeji hajambo? Na wanangu, yule mrefu bado anakua au ameshagusa dari? Sisi hatujambo. Mama anakula vizuri, mkono wa kulia bado mzito lakini siku hizi anashika kikombe mwenyewe, na ukitaka kumsaidia anakutazama kwa jicho la kukuonya. Mimi nami mzima wa mwili. Rohoni ndiko kumejaa, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Utashangaa kupata barua ya mkono zama hizi. Lakini kwenye simu unanikatiza, dada. Nikianza sentensi unaimalizia wewe, na huimalizi vile nilivyotaka iishe. Karatasi haikatizwi. Kwa hiyo leo nisome mpaka mwisho, mikono mezani, kama unavyowaambia wanafunzi wako.

Tumezaliwa wawili tu. Mama alipopigwa na kiharusi, hatukuwa na kikao. Kikao ulikuwa wewe. Ulisema wewe una shule, una mume, una watoto, na mimi sina kinachonifunga, kwa hiyo nirudi nyumbani nimtunze. Nilikuwa mapokezi pale zahanati, ukasema ile si kazi, ni kuita majina tu. Nikaacha. Sikulalamika, kwa sababu ni mama yangu pia na hakuna mtu anayeulizwa kama anataka kumnyanyua mama yake. Ila nataka ujue kwamba nilikuwa na kazi, na nilikuwa naipenda.

Kwenye ile kazi ndipo nilipopata habari za masomo ya misimbo. Nilikueleza, ukaniambia "sawa, sawa" kama mtu anayefukuza nzi. Sasa nakueleza tena. Mgonjwa akitibiwa, daktari anaandika faili. Mtu mwingine anakaa, analisoma lile faili neno kwa neno, na kila ugonjwa na kila tiba anaipa msimbo wake, herufi na tarakimu, ili bima ijue inalipia nini na hospitali ijue watu wake wanaugua nini. Ukikosea herufi moja umempa mtu ugonjwa wa jirani yake. Ni kazi inayotaka cheti, na cheti kinataka mtihani, na chuo kinachofundisha kiko mbali, wanafunzi wake wako kila mahali, na walimu unawajua kwa sauti tu. Mjomba aliposikia nasomea koding, ndivyo wanavyoiita hiyo misimbo, alidhani nitakusanya kodi za nyumba, akaniomba nimtishe mpangaji wake sugu. Nilicheka. Mjomba angalau aliuliza.

Nilisoma Mama akiwa amelala mchana. Nilisoma nikichochea sufuria. Kabla ya misimbo unajifunza maneno ya kitabibu, marefu kama treni, na ujanja wake ni kuyakata vipande. Neno likiishia na "itisi", pana uvimbe na mwako. Likiishia na "ektomi", kuna kitu kimekatwa kikatolewa. Nilibandika vipande hivyo kila mahali jikoni, mpaka mlangoni mwa friji. Mama alikuwa anafanya mazoezi ya ulimi aliyopewa na mtabibu wa usemi, na yale mazoezi yalimchosha, eti kusema "ba, bi, bu" kama mtoto. Siku moja nikamsikia jikoni anasoma ukutani, taratibu, "ton-si-lek-to-mi." Alilisema lote. Jina langu bado lilikuwa linamkwama, lakini tonsilektomi ilipita. Tukacheka hadi akashika mbavu. Tangu siku hiyo akawa mwanafunzi mwenzangu. Ananiuliza mwanzo wa neno, ananitega, nikikosa ananipiga kwa kanga begani. Haya yote hukuwahi kuyaona. Ulikuja mara chache, ukakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri basi.

Sasa nije kwenye lile jambo.

Mtihani wenyewe unafanyiwa nyumbani, mbele ya kamera. Msimamizi yuko huko aliko, anakutazama. Kwanza unazungusha kompyuta aone kuta nne, aone chini ya meza, aone masikio yako hayana kitu. Mlango ufungwe. Mtu asiingie, usiseme na mtu, usiondoke kwenye kiti. Ukiondoka umeondoka. Ndiyo maana nilikupigia mapema kabisa, nikakwambia nakuomba siku moja tu, dada, uje ukae na Mama chumbani kwake mpaka nimalize. Ulijibu, "Nitakuja, we jiandae tu." Nikajiandaa. Mama nikamwambia mwanao mkubwa anakuja, akataka avalishwe gauni lake la kijani.

Asubuhi ya mtihani ukatuma ujumbe. "Leo imeshindikana, tutapanga siku nyingine." Basi. Hata sababu hukuweka. Nilikupigia, hukupokea. Nikagonga kwa jirani zetu wote wawili, mmoja alikuwa ameshaenda kazini, mwingine alikuwa amesafiri. Muda ukafika. Nikamweka Mama kitandani, nikampa maji, nikampeleka haja kabla, nikamwambia nitakuwa sebuleni. Aliniambia nisijali, yeye atakuwa kimya kama jiwe.

Nilikuwa naenda vizuri, dada. Nilikuwa naona kabisa ninavyokipata cheti. Nilifika kwenye swali la mgonjwa aliyevunjika nyonga, linataka ueleze na namna alivyoumia. Hapo nikasikia mkongojo wa Mama ukigonga sakafu ya ukumbini, na baada yake kishindo cha kitu kizito. Kuanguka nyumbani kuna msimbo wake. Kuanguka kutoka kitandani kuna wake, bafuni kuna wake, ngazini kuna wake. Yote nilikuwa naijua. Yule msimamizi akasema kwa sauti ya upole kwamba mtahiniwa abaki kwenye kiti. Nikainuka.

Mama alikuwa amelala kiubavu ukumbini, gauni la kijani limempanda magotini. Alikuwa amebanwa, hakutaka kuniita, akaamua kwenda mwenyewe akishika ukuta. Kifundo cha mkono kilikuwa kinavimba huku nakitazama. Nikamkagua nyonga, nikamnyanyua, nikamsafisha, nikamfunga kitambaa cha maji baridi. Niliporudi sebuleni kioo cha kompyuta kilikuwa kimeandika kwamba mtahiniwa ameondoka mbele ya kamera na mtihani wake umefutwa.

Nikaingia bafuni nikafungua bomba ili asinisikie. Mama akaja. Akaja vilevile alivyokuwa, na mkono umefungwa, akaugonga mlango wa bafu kwa mkongojo mpaka nikafungua. Akaniomba radhi. Mama yetu, dada. Unamjua. Huyu aliyegombana na nusu ya ukoo na hajawahi kumwambia mtu "samahani" hata kwa kumkanyaga. Alisimama mlangoni, mdomo umempinda, akasema, "Nime... nimekuharibia." Yeye ndiye aliyekubebea deni lako la aibu. Hilo ndilo sijakusamehe. Mtihani ningekusamehe.

Jioni ulipokea simu. Nilikueleza yote. Ukaniuliza kama Mama amevunjika, nikasema hapana. Ukapumua. Halafu ukasema maneno haya, na nayaandika kama yalivyo ili usije ukasema nimeongeza chumvi: "Sasa si ungeusimamisha kidogo, ukamwinua, ukarudi ukaendelea?"

Kuusimamisha! Kama filamu! Dada, wewe ni mwalimu mkuu msaidizi. Wewe husimamia mitihani ya taifa. Wewe ndiye uliyetusimulia, kwa fahari, na sote tukacheka mezani, jinsi ulivyomrudisha getini mzazi aliyekuja kumletea mwanawe penseli, kwa sababu mtihani ulikuwa umeshaanza na mtihani ni mtihani. Mtoto wa watu akipiga chafya unamtolea macho. Lakini mtihani wangu mimi, kwa sababu uko kwenye sebule ya Mama na si kwenye ukumbi wenye madawati, ukawa mchezo wa kubonyeza. Mwalimu mzima! Angesema hivyo mtu asiyejua kusoma ningemwelewa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Na hukuishia hapo. Shangazi alipokuja kumjulia Mama hali aliniambia kwamba ulimweleza umeniacha nijifurahishe na kompyuta yangu maana nayo inanipunguzia upweke. Upweke! Sikuwa mpweke, dada. Nilikuwa na mwanafunzi mwenzangu. Nilikuwa nimechoka, na wewe huwezi kutofautisha mtu mpweke na mtu aliyechoka kwa sababu hujawahi kukaa nasi muda wa kutosha kuona.

Nilikiandikia chuo, nikaeleza. Walinijibu kwa lugha ya baridi kwamba wanasikitika, kanuni ni kanuni, nisubiri msimu ujao niombe upya. Nikasubiri. Wewe hukuuliza tena. Kila uliponipigia ulinitajia dawa za Mama, ukaniuliza kama mvua imenyesha, ukakata.

Msimu ulipofika sikukuomba. Nilimwomba yule mama fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Si ndugu, hata kabila lake sijui. Alifunga duka lake siku ya wateja wengi, akaja na cherehani ya mkono na kikapu cha vitambaa, akakaa na Mama chumbani, na mlango wa ukumbi akauegemea kwa mgongo ili hata paka asipite. Nilimaliza. Nilipotoka sebuleni nikawakuta wanabishana kuhusu pindo la gauni, na Mama ndiye aliyekuwa anashinda.

Nimefaulu, dada. Cheti kimekuja, kina jina langu kamili, na Mama amekilalia chini ya mto hataki nikitoe. Sasa sikiliza lililobaki.

Nimepata kazi. Ni kwenye hospitali kubwa, idara ya kumbukumbu, na nimesharipoti kwa simu. Kazi hii baadaye unaweza kuifanyia popote, lakini kwa mwaka wa kwanza wanataka ukae palepale, mezani, chini ya mkubwa wako, akikagua kila faili. Hospitali yenyewe ni ya safari ya siku nzima kutoka nyumbani. Naanza wiki ijayo.

Utakuwa umeshafungua mdomo kuuliza Mama atabaki na nani. Funga kwanza. Mimi nilimwambia Mama kwamba naikataa ile kazi. Nilikuwa nimeshaandika na barua ya kukataa. Aliichukua, akaitazama, akaitia ndani ya kikombe cha chai. Kisha akazungumza kwa muda mrefu kuliko siku zote tangu augue, na nilimngoja kila neno. Alisema amezaa watoto wawili na mmoja tu ndiye anayemjua uzito wake. Akasema, "Na huyo mwingine... anijue."

Nilimpigia shemeji, si wewe. Nilitegemea atasema atakuuliza. Hakusema hivyo. Alisema nimpe muda kidogo tu. Kile chumba cha chini mlichokuwa mkiweka viti vibovu amekitoa vitu, na ulipomuuliza alikwambia anapaka rangi, na ni kweli alipaka. Vile vyuma vya kushikia bafuni si kwa ajili ya goti lake. Watoto wanajua. Yule mdogo ndiye aliyechagua rangi. Nyumba nzima inajua, dada, ila wewe, na hilo si kosa la mtu, ni kwamba wewe huulizi.

Barua hii nimemwachia mlinzi wa geti la shule yako akupe ukitoka. Mama yuko kwako. Tumefika tangu saa nne asubuhi, nimempa chakula, nimempanga, nimemwonyesha shemeji namna ya kumnyanyua bila kumshika kwapa. Mimi nitakuwa nimeshapanda basi, kwa sababu nikikaa tutagombana mbele yake, na nina hasira ambayo bado haijapoa ya kutosha kukumbatiana nawe. Nitakuja mwisho wa mwezi, na kila mwisho wa mwezi. Siji kukusimamia. Nakuja kumwona mama yangu.

Usimlishe kwa kijiko, anashika mwenyewe, ngoja tu. Usimmalizie maneno, hili hasa nakuomba, hata likichukua dakika ngapi. Akikaa kimya muda mrefu muulize kama amebanwa, maana yeye hatasema. Na amenituma nikwambie asije akasikia unawaambia watu kwamba nimemleta. Hakuletwa. Amekuja kwa mwanawe.

Msalimie shemeji, mwambie ahsante yangu haina kipimo. Wabusu wanangu. Walimu wenzio nao wasalimie. Nakuombea kifua kipone kabisa, na nakuombea subira, utaihitaji.

Nenda nyumbani sasa, dada. Amevaa gauni la kijani.

Mimi mdogo wako,
kitindamimba