Nati Ambayo Haikukazwa

Mdogo wangu Lusajo,

Nimenunua skuta. Naanza na hilo kwa sababu najua ungecheka, wewe uliyeniona nikiiangusha baiskeli ya Tata kwenye mpunga wa watu mara mbili kwa asubuhi moja. Ni nyekundu na haina gia za kukanyaga. Kazi ndiyo iliyonilazimisha. Siku hizi napita kwa wakulima wa kakao, kuanzia hapa kwetu Njisi hadi karibu na Itungi. Nafunua masanduku yao, nanusa punje zinavyochachuka, nawaambia wazigeuze lini na wazianike lini. Kwa miguu nilikuwa nawafikia wawili tu kwa siku.

Siku nilipoileta nyumbani, Tata alikuwa anapalilia migomba. Akaitazama, akaitikia salamu yangu, kisha akazunguka nyuma ya nyumba na hakurudi mpaka chakula kikapoa. Unamjua baba yetu. Tangu mama atuache tukiwa wadogo, mambo yake mazito huyasema kwa mgongo.

Naendesha polepole sana, hata watoto wa shule hunipita kwa baiskeli. Na siendeshi peke yangu. Nikikaribia lile kalavati kabla ya kufika kwetu, nahisi kiti cha nyuma kinabonyea, kama mtu anapanda. Sijawahi kugeuka. Navuka, naendelea kidogo, kisha kiti kinakuwa chepesi tena. Sijamwambia mtu, kwa sababu wangeniombea, na sitaki kuombewa kwa jambo hilo.

Kitabu cha skuta kinasema ikifikisha kilomita mia tano ipelekwe sevisi ya kwanza. Nilizitazama zile namba kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Mia nne na themanini. Mia nne na tisini. Usiku nilikuwa nalala nazo. Pikipiki yako nayo ilikuwa imefika hapo hapo.

Ulikuwa umekaa nayo wiki tatu. Ulikuwa unaifuta kwa fulana yako ya michezo kila jioni, na ukaniambia, "Dada, chuma kipya ni kama mtoto mchanga. Kliniki ya kwanza hairukwi." Ukaipeleka mjini Kyela kwa fundi Ambokile, yule aliyekuwa akiimba besi na Tata kwaya moja tangu ujana wao. Ulimwamini kwa sababu hakuwa mtu wa haraka.

Mimi siku hiyo nilikuwa na sendofu ya rafiki yangu Neema kule Itungi. Nilikuwa nimesuka, nimevaa kitenge kilichoshonwa kwa ajili ya siku ile moja, nimesimama barabarani nakusubiri. Sasa naandika kitu ambacho sijawahi kukiandika wala kukisema. Bajaji zilikuwepo. Mbili zilinipita zikiwa tupu, na ya pili ilisimama kabisa, dereva akaniuliza kama naenda. Nikamwambia nina usafiri. Nilitaka wenzangu wanione nikishuka kwenye pikipiki mpya ya mdogo wangu.

Nikakupigia. Ukasema bado kidogo. Nikakupigia tena, ukasema fundi anarekebisha cheni. Mara ya tatu nikakwambia, "Kama hutaki kunibeba sema, nisikusubiri kama mjinga."

Halafu ukasema, "Basi dada, nakuja. Naondoka sasa hivi."

Niliisikia injini yako kutoka mbali, unajua jinsi barabara yetu inavyobeba sauti kati ya mashamba ya mpunga. Nikanyoosha kitenge. Sauti ikasogea, ikasogea, kisha ikakatika. Lusajo, mimi nilikasirika. Nilidhani umesimama kuongea na mtu. Nilikaa pale nimekunja mikono, nikipanga maneno ya kukugombeza, mpaka nikamwona mama mmoja anakimbia kutoka upande wa kalavati ameshika kichwa.

Gurudumu la nyuma lilikuwa limehama. Nati ya ekseli ilikuwa imefungwa kwa vidole tu.

Kwenye msiba kila mtu alijua nani wa kulaumiwa. Ambokile alikuja siku ya pili, peke yake, kofia mkononi, akasimama mbele ya wanaume wote akamwambia Tata, "Nilikwenda kwa jirani kuazima spana kubwa ya ile nati. Nimerudi, kijana ameshaondoka. Nilimkimbilia hadi kwenye njia panda."

Tata akamjibu, "Toka kwangu."

Mimi nilikuwa ndani na akina mama, dirisha liko wazi, simu imo ndani ya kanga kiunoni. Nilijua Ambokile anasema kweli. Palihitajika sentensi moja. Nilimsikia akivaa kandambili zake nje ya mlango, nikamsikia akiondoka, na ile sentensi nikaimeza.

Imepita miaka sita. Tata aliacha kwaya, akahamia benchi la nyuma kabisa kanisani. Mjini maneno yakaenea kwamba Ambokile anaua watoto wa watu, na pikipiki zikaacha kusimama kwake. Akafunga kibanda, akarudi kijijini kwao, mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka hapa. Mimi nikaendelea kuishi. Nikapata kazi. Watu wakaniita dada mvumilivu.

Skuta ilipofikisha mia tano, duka nililoinunulia waliniambia nije, dakika kumi na tano tu. Niliwasha, nikatoka getini, nikavuka kalavati, na badala ya kuelekea mjini nikakata kushoto. Sikuwa nimepanga. Au labda nilikuwa nimepanga kwa miaka sita.

Nilimkuta uani, chini ya paa la bati, anatengeneza mashine ya kunyunyizia dawa ya mtu. Amekonda. Nikamwamkia, akaniitikia bila kusimama, macho yake yapo kwenye skuta.

"Kilomita ngapi?"

"Mia tano."

"Nipe ufunguo."

Nikampa. Akautia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Nilipomtazama akasema, "Siku hizi ufunguo unakaa na mimi mpaka nimalize. Anayetaka kuwahi, aende na miguu yake."

Halafu akanionyesha kigoda. Injini ilikuwa ya moto, na valvu hazipimwi hivyo. Tukakaa tukaisubiri ipoe. Sijui kama ungeweza kukaa pale.

Ilipopoa akaanza. Alimwaga oili kwenye beseni, akaniita nione jinsi inavyometameta. "Ni vyuma vinasagana, vinazoeana. Uchafu huu ukibaki humo, unakula injini." Kisha akafungua nati nyingine kule nyuma. "Skuta ina oili mbili. Hii ya gia wengi wanaisahau." Akapima valvu, akarekebisha breki, akajaza upepo. Mwisho akachukua spana, akazunguka nati zote, moja moja, za gurudumu la mbele, za nyuma, za injini, za usukani. Kila aliyoikaza aliitia alama ya rangi nyeupe kwa kijiti. Hakuruka hata moja. Alipofika kwenye ile kubwa ya gurudumu la nyuma, aliikaza, akaiachia, akaikaza tena, akakaa ameishika.

Hapo ndipo niliposema.

"Baba, siku ile mimi ndiye niliyempigia simu. Mara tatu. Nilimwambia aache, aje. Ulikwenda kuazima spana kweli, na mimi nilijua."

Hakuinua kichwa. Akachovya kijiti kwenye rangi, akaitia alama nati, akafuta mikono.

"Najua, mwanangu. Mikono yake ilikuwa na grisi, simu aliiweka sauti ya nje. Mara zote tatu nilikusikia. Nikamwambia anisubiri, nikaenda kuazima spana, naye hakusubiri."

"Kwa nini hukusema? Walikufukuza. Ungesema tu."

"Baba yako alikuwa ameshapoteza mtoto mmoja," akasema.

Nililia pale kama ambavyo sikuwahi kulia kwenye kaburi lako. Aliniacha nilie. Baadaye akaniambia hata yeye huwa anaamka usiku akiutafuta ufunguo wako. Kwamba ulikuwa umening'inia kwenye pikipiki, karibu na mkono wake, na hakuuchukua. Miaka yote nilidhani nilikuwa nimemwachia mzigo wangu, kumbe alikuwa na wake pia, na ametembea na yote miwili.

Nilifika nyumbani Tata akiwa kwenye kiti chake barazani. Sikuketi. Nilimweleza yote, bajaji mbili, kitenge, maneno yangu ya mwisho kwako kama nilivyoyasema. Alinisikiliza akitazama chini.

"Mara ngapi?" akauliza.

"Tatu, Tata."

Akaingia ndani. Nikadhani ndiyo amemaliza. Akatoka amevaa koti lake la kanisani, akasimama kando ya skuta, akasema, "Nipeleke."

Hakunishika. Alishika chuma cha nyuma ya kiti njia nzima. Tulipofika, Ambokile alikuwa bado uani. Tata alishuka, akavua kofia, akasimama mbele yake kama vile mwenzake alivyosimama msibani kwetu.

"Ambokile, nilikufukuza wakati unanieleza ukweli. Nisamehe."

Ambokile alimtazama muda mrefu. Akasema "Ndaga," asante, neno hilo tu, kisha akasogeza kigoda. Wakakaa bega kwa bega, wazee wawili. Baadaye nikasikia Tata anamuuliza kama bado anaimba.

Wakati wa kurudi nikawasha skuta, nikamsubiri Tata apande. Akanipita. "Mimi nitatembea," akasema, bila kunitazama.

Nikaizima, nikashuka, nikaisukuma nyuma yake. Saa nzima, Lusajo, jua likitupiga. Sikumpita wala yeye hakusimama, hata kwenye kalavati. Niliona tu mabega yake pale yakipanda na kushuka.

Sasa ni siku ya tisa. Ananiitikia salamu, anakula ninachopika, lakini jina langu hajalitaja. Simlaumu. Sikuungama ili nipendwe. Na wewe sikuandikii ili unisamehe, maana sijui mtu aliyelala hapo ulipo anasamehe kwa njia gani, na nani atanipelekea jibu. Nakuandikia kwa sababu ulikufa ukijua kitu ambacho mimi niliwaficha watu wote, na sikutaka ubaki nacho peke yako.

Leo jioni nilikuwa naosha vyombo. Tata akaja hadi mlango wa jiko, akasimama, jembe mkononi. Akasema, "Kesho usiende kwa wakulima. Kwa Lusajo majani yamekuwa marefu."

Katika miaka sita hajawahi kwenda huko makaburini na mimi. Kila mtu alikuwa na siku yake. Kwa hiyo kesho tunakuja wawili, mapema, kabla jua halijawa kali. Nimeshanoa jembe la pili.

Lala salama, mdogo wangu.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja,
Tusekile