Picha ya Lusajo Kwenye Tovuti ya Unga

Tunduma,
Jumapili mchana

Dada yangu Atupele, Mama Lusajo,

Kama unasoma hapa, basi umeshaukata ule uzi mwekundu niliofungia mfuko na umeikuta barua katikati ya unga, ndani ya nailoni. Kama uzi ulikuwa wa rangi nyingine, ujue mfuko ulifunguliwa njiani. Usinicheke. Aliyeubeba ni mama wa kanisani kwetu, mtu mzuri sana, lakini siku hizi hata watu wazuri nawatazama mara mbili.

Mnaendeleaje huko Ibaba na baridi hii? Mgongo wa mama umepata nafuu? Maharage mmeyawahi au mvua imewatangulia? Na Lusajo wangu, bado anamfukuza jogoo wa jirani kwa fimbo? Sisi huku wazima. Neema ameota meno ya juu, ananing'ata nikimnyonyesha, kisha ananitazama usoni aone kama nitalia. Baba Neema bado anashusha mizigo mpakani. Malori yakikwama anashinda nyumbani, yakifunguliwa simwoni. Mimi nimechoka, dada, sikufichi. Nachambua, nakaanga, napeleka mashineni, napakia, na muda wote huo mtoto yuko mgongoni.

Sikukupigia kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu ili mama naye asikie, na majirani wote wanasikia. Jambo hili ulisome mwenyewe, ukiwa umekaa. Linamhusu Lusajo.

Unaujua ule unga wangu wa uji, wa mahindi, ulezi, soya na karanga. Nilikuwa nauza kwa majirani na kwa wake za madereva, basi. Akatokea bwana mmoja anaitwa Fredi, ana chumba chake pembeni ya duka la fotokopi, anatengenezea watu tovuti. Akaniambia, "Mama Neema, wewe unauza kwa mdomo. Mdomo unachoka. Tovuti hailali." Siku hiyo nilikuwa sijalala vizuri siku tatu, hilo neno likaniingia. Nikakubali.

Tovuti ikatoka nzuri, ina picha ya pakiti na namba yangu. Wiki nne nzima hakupiga mtu, isipokuwa baba mmoja aliyeuliza kama nauza matairi. Nikamrudia Fredi. Akasema shida yangu sina mkakati.

"Watu hawanunui unga," akasema, "wananunua hadithi. Nipe simu yako nichague picha zenye hisia."

Nikampa. Neema alikuwa anatambaa kwenda barabarani, bodaboda zinapita, nikamkimbilia. Niliporudi Fredi alikuwa ameshamaliza, ananirudishia simu huku anatabasamu. Kosa langu lilianzia hapo. Simu ya mama ni kama sanduku lake la nguo, hampi mwanaume wa nje akapekua. Mimi nilimpa bila hata kumuuliza anatafuta nini.

Baada ya siku chache simu ikaanza kuita. Vwawa, Mbeya, hata Nakonde ng'ambo ya mpaka. Nilifurahi, lakini kuna kitu kikanikwaruza. Wewe unawajua watu wetu, kabla salamu haijaisha mtu ameshauliza bei na anataka apunguziwe. Hawa hawakuuliza bei. Waliuliza, "Inachukua siku ngapi?" Nikajiuliza, siku ngapi kufanya nini? Uji unapikwa dakika ishirini.

Nikaifungua tovuti nikiwa kwenye foleni ya mashine. Chini kabisa nikakuta shuhuda. Mama Prince wa Mwanza anasema mwanawe amepona. Mama Doreen wa Morogoro anasema Mungu anibariki. Mimi Mwanza sijawahi kutuma hata kijiko! Na wote hao wamemaliza kwa maua matatu, kama vile waliandika wamekaa benchi moja. Nikapandisha juu taratibu.

Nikamwona Lusajo.

Ile picha, dada. Ile niliyompiga wodini siku ya kwanza alipolazwa, ili shemeji aione huko Kitwe arudi nyumbani. Mbavu zake, na macho yale. Pembeni yake wamemweka Neema na kofia yake ya njano, mashavu yamejaa. Katikati kuna mshale. Juu ya Lusajo pameandikwa "Kabla". Juu ya Neema, "Baada ya wiki tatu za uji wetu". Na kwa kuwa wote wawili wana masikio ya babu, mtu asiyetujua angeapa ni mtoto mmoja.

Sasa nakuambia lile linalonifanya nishindwe kula. Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilizima simu, nikachukua unga wangu, nikarudi nyumbani kupakia. Siku tisa nilijua na sikusema kitu. Nilijiambia Fredi ndiye aliyeweka, si mimi. Nilijiambia wewe una simu ya kitochi, hutaona. Na simu yangu ilikuwa inaita.

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, mwanamke akasimama mlangoni kwangu. Ana mtoto mgongoni, amefunikwa chitenge mpaka kichwani. Hakuingia, hakuondoka, anaangalia masufuria yangu, anaangalia magunia. Nikajua moja kwa moja huyu ametumwa. Ama ni mkaguzi, ama katumwa na yule mama anayeuza unga karibu na stendi.

"Mulishani, bamayo," akanisalimu kwa Kibemba, kisha akaendelea kwa Kiswahili cha Nakonde. "Wewe ndiye mama wa yule mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Wa kwenye simu. Aliyekuwa mifupa."

"Nani kakutuma?" Nilimuuliza hivyo, dada, bila hata karibu. Nikamsimamia mlangoni kama askari.

"Sijatumwa. Nilimwambia mdogo wangu aandike kwenye simu, mtoto hali, mtoto amevimba miguu. Ukaja wewe."

Hapo hapo Neema akatoka anatambaa, ndizi mkononi, uso mzima ndizi. Yule mama akapiga magoti kwenye vumbi, akayashika mashavu ya Neema, akaanza kulia huku anacheka. "Ni huyu! Kumbe ni kweli! Ni huyu!" Kisha akafungua chitenge anionyeshe wake.

Sikuhitaji kuambiwa. Mkono wa mtoto niliuzungushia vidole viwili vikapishana. Nikambonyeza juu ya mguu kwa dole gumba, shimo likabaki. Unamkumbuka yule nesi aliyembonyeza Lusajo akatuonyesha lile shimo? Nilisikia baridi ile ile.

"Umempeleka hospitali?"

Akatoa karatasi kwenye pindo la chitenge, imekunjwa mpaka inachanika. "Walinipa barua nikamlaze. Nikasema kwanza nije kwako, kama wako alipona nyumbani, kwa nini mimi nikalale huko?"

"Karatasi hii ina siku ngapi?"

"Sita."

Nilizima jiko. Karanga zilikuwa nusu kukaangwa, nikaziacha. Tukapanda bajaji, yeye na wake, mimi na wangu, upande huu huu wa mpaka kwa sababu ndiko kulikokuwa karibu. Kwenye benchi la kusubiri akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na wewe wako ulimleta hapa?"

Ningeweza kunyamaza tena. Nikamwambia, "Yule wa kwanza ni wa dada yangu. Alilazwa wiki tano. Walimpa maziwa ya hospitali kidogo kidogo, na dawa. Uji alianza kunywa akiwa ameshatoka. Na huyu mnene hajawahi kuugua."

Akamtazama Neema. "Kwa hiyo mlinidanganya."

Alisema mlinidanganya, dada, wala hakusema alinidanganya. Mimi, Fredi, na Lusajo ambaye hajui lolote, tumewekwa kapu moja. Nikamjibu, "Ndiyo." Akageukia ukuta. Walipomwita aliingia bila kuniangalia.

Nikatoka pale nikaenda kwa Fredi, Neema mgongoni, na unga mikononi hata sijanawa.

"Itoe ile picha."

"Mama Neema! Karibu. Ipi?"

"Unaijua."

"Aa, ile ndiyo inayoleta wateja. Huo ni mkakati, kila mtu anafanya." Akanigeuzia kompyuta anionyeshe ufundi wake. Kumbe alipanga maneno yaliyofichwa nyuma ya ukurasa. Mtoto hanenepi. Mtoto hali. Mtoto amevimba miguu. "Mama yeyote akiandika haya, anakutana na wewe kabla ya mwingine. Ukimwona mtu anayekuzidi, niite mwongo."

Nilimwelewa kuliko alivyotaka. Anayeandika maneno hayo ni nani? Ni wewe mwaka ule, kama ungekuwa na simu. Ni mimi niliyekaa nawe kwenye mkeka tunabishana kama tumpeleke au tumngoje shemeji. Tungekutana na mshale ule na kofia ya njano, nasi tungekaa nyumbani tupike uji.

"Toa," nikasema, "na unipe paswedi."

"Paswedi inakaa kwa fundi. Utaharibu."

Nilikuwa nashuku hilo tangu zamani, kwamba tovuti ni yangu kwa jina tu. Basi nikakaa. Nilikaa kwenye kiti cha wateja, nikamfungua Neema mgongoni, nikamnyonyesha. Akaingia kaka mmoja wakala wa forodha, nikamwambia, "Karibu, kaa. Mimi namsubiri bwana Fredi atoe picha ya mtoto wa dada yangu aliyoiiba kwenye simu." Akaingia dada wa saluni, nikamwambia vivyo hivyo. Yule wa saluni akasema, "Ee! Na mimi simu yangu iko hapo kwenye droo. Nirudishie, kaka." Neema naye akashiba, akashuka, akakojoa katikati ya nyaya zake.

"Mama, mwondoe mtoto!"

"Paswedi, kaka yangu."

Akaniandikia. Nilimsimamia mpaka picha ikatoka, shuhuda zikatoka, na yale maneno ya nyuma yakatoka. Nilipofika nyumbani nikaibadilisha paswedi, na siitaji hata kwa Baba Neema, maana naye alisema nimefukuza wateja kwa mkono wangu. Nikamuuliza, "Angekuwa Neema?" Hajalirudia.

Lakini bado siamini. Kila siku naazima simu ya jirani, naandika maneno yale yale, natafuta kama tutatokea. Hatutokei. Ila sijui Fredi aliihifadhi wapi ile picha, wala sijui nani ameshaichukua. Sitakudanganya kwamba imekwisha. Kama kuna siku mtu huko atakuonyesha, ujue ilitoka kwangu.

Yule mama wa Nakonde bado yuko wodini. Juzi nilimpelekea sabuni na kanga. Alipokea kwa mikono miwili, akasema "Natotela", ndiyo asante yao, akaishia hapo. Mtoto ameanza kupokea kikombe, lakini nesi amesema tusiseme kitu bado. Sijasema.

Simu haiiti tena kama zamani. Kwenye tovuti nimeandika mwenyewe: Unga huu ni chakula, si dawa. Mtoto akipungua au akivimba miguu, mpeleke hospitali leo, uji utakusubiri. Nafasi ya picha nimeiacha wazi.

Nilifikiri nimweke pale Lusajo wa sasa, na fimbo yake ya jogoo, na chini yake kweli yote, hospitali kwanza. Lakini safari hii nakuuliza wewe uliyemzaa. Ulilala chini wiki tano kwa ajili yake, mimi nilikuwa naenda na kurudi. Ukikataa, patabaki wazi hivyo hivyo, sitakuuliza mara ya pili. Na kama una hasira, njoo nazo au zitume, usizinyamazie. Mimi nimeona kunyamaza kunafanya nini.

Mshike mama mgongo kwa niaba yangu. Msalimie baba, mwambie mbegu ya ulezi aliyonipa ndiyo niliyosaga humu. Salamu kwa shangazi anayeimba sauti ya tatu, na kwa mama mkwe wako, hata kama hatakujibu. Shemeji akipiga kutoka Kitwe, mweleze wewe. Mimi sina uso.

Unga huu ni wa Lusajo. Lakini Jumanne ni kliniki, mpime kwanza, ndipo umpikie. Kipimo kwanza, hata kwako, dada.

Mdogo wako anayekusubiri,
Sekela, Mama Neema